Namba Moja ya Mzee Mghenyi

Wadogo zangu mlioingia juzi kwenye kazi hii ya mitandao, nyie ambao kompyuta zenu zinaomba anwani zenyewe na kupewa zenyewe, kaeni kidogo na mimi. Sisi anwani tulizigawa kwa mkono, moja moja, kama mama anavyogawa nyama kwenye sinia, na aliyepata mfupa akanuna. Nimestaafu sasa. Nafuga kuku hapa Mandewa, na kwa mazoea nimewapa namba wote isipokuwa jogoo. Jogoo sijampa namba yoyote, na mkinisikiliza mpaka mwisho mtanielewa.

Kwanza niwaambie habari ya kitambaa. Upepo wa Singida mnaujua, unaingiza vumbi mpaka kwenye kabati lililofungwa. Kwa hiyo kompyuta za ofisini kwetu tulizivika vitambaa vya kufuma, vile vya kwenye makochi. Rehema, katibu muhtasi wetu, ndiye aliyevifuma. Cha meneja, Mzee Mghenyi, kilikuwa kikubwa kuliko vyote, cheupe, chenye maua ya alizeti pembeni. Ukishamfunikia Mzee kompyuta yake, huendi kuifunua ovyo. Ndivyo tulivyolelewa. Lakini nyie shikeni neno langu: kabla hujatamka kwamba kazi imekwisha, inua kila kitambaa. Cha mkubwa uanze nacho. Mimi sikuinua.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya umoja wa wakamuaji alizeti. Serikali ilikuwa imeshaachia biashara, kila aliyeweza akafunga mashine ya kukamua, mji mzima ukanuka mashudu. Wakamuaji wadogo wakaona kila mtu akiuza kivyake watamezwa na wanunuzi wa Dar, wakaungana, na meneja wakamchagua Mzee Mghenyi. Alikuwa mtu wa Mtinko, aliwahi kutunza ghala la ushirika kabla ushirika haujafa. Mrefu, mkimya, koti la kijivu hata jua likiwaka, anafika kazini kabla ya mfagizi. Kompyuta alijifunza uzeeni kwa kidole kimoja, na kwa kidole hicho hicho aliandika barua zote za wanunuzi yeye mwenyewe. Wakamuaji walijivunia sana jambo hilo. Wakija na madumu yao walikuwa wakisogea dirishani kumtazama. "Mzee wetu anaongea na Dar akiwa amekaa," walisema.

Mimi nilikuwa na kidato cha nne, kozi fupi ya kompyuta, na ndoto zisizoenea kichwani. Niliota Singida nzima imeunganishwa waya, kutoka Kintinku mpaka Mtinko, na kila waya nimeufunga mimi. Kazi nilijifunza kwa Fundi Saidi, aliyekuwa anatengeneza redio kabla kompyuta hazijaja. Alinifundisha kumenya waya kwa meno, jambo ambalo msilifanye, na alinifundisha kuandika kwenye karatasi kila kilichokuwepo kabla sijakigusa, jambo ambalo mlifanye. Alikuwa akinitazama nimeduwaa na kebo mkononi, anatikisa kichwa.

"Neema, wewe unaota umesimama. Siku moja utaota umeshika umeme."

"Nikishika umeme si nitaamka, fundi?"

"Utaamka kwa mababu zako."

Basi ikafika siku umoja ukafungua ghala huku Mandewa, nalo likawekewa kompyuta. Wakataka ofisi na ghala viongee kwa antena, ili mtu wa ofisini aone mafuta yaliyoko ghalani bila kutuma mtu kwa baiskeli. Shida ni kwamba fundi wa ghala na fundi wa ofisi wote walikuwa wametumia anwani zile zile, za 192.168.1, zile ambazo vifaa vingi hutoka nazo dukani. Huku kuna nyumba namba tano na kule kuna nyumba namba tano, na mtaa una jina lile lile. Tarishi apeleke wapi barua? Dawa yake ni kubadilisha jina la mtaa mmoja. Ghala likabaki na 192.168.1, ofisi ihamie 192.168.20. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa, ya kwanza kuifanya bila Fundi Saidi kusimama nyuma yangu.

Si kazi ngumu, inataka utaratibu tu. Ruta, kile kisanduku kinachoitoa ofisi nje kwenye intaneti, ukikihamisha mtaa kinakupotea hapo hapo, maana wewe bado uko mtaa wa zamani. Usilie kama nilivyolia mimi. Ihamishe na kompyuta yako, mtakutana huko huko. Printa nayo usiisahau kwa kuwa haina mdomo. Iambie ichapishe karatasi ya mipangilio yake, anwani utaiona. Mimi niliisahau, na Daudi mhasibu akashinda anachapa mahesabu yanayoenda kusikojulikana, huku akiitukana printa ya watu isiyo na kosa.

Mikia ya anwani za zamani, yaani ile namba ya mwisho ya kila mtu, ilikuwa imegawiwa bila mpango. Rehema alikuwa na mbili, Daudi tatu, Mzee kumi na nne. Niliposema nagawa upya, ofisi ikachangamka kama kwenye maandalizi ya harusi.

"Mimi niwekee saba," Rehema akasema. "Saba ina bahati."

"Mpe saba yake, ila mimi usiniweke nyuma yake," Daudi akadakia. "Mhasibu hakai nyuma ya katibu muhtasi."

"Kwani hiyo namba nani anaiona, Daudi?"

"Mimi naiona."

Tukacheka. Mzee Mghenyi alikuwa anapita na faili kwapani, akasimama.

"Na mimi, binti, zamani nilikuwa wa ngapi?"

"Wa kumi na nne, Mzee."

"Nyuma ya Daudi?"

"Nyuma ya Daudi, Mzee."

Alikohoa kidogo, akaingia ofisini kwake. Moyo wangu ukaniuma. Kwetu hata kunawa mikono mkubwa ndiye anayeanza, iweje mtu mzima wa kiasi kile awe wa kumi na nne nyuma ya kijana anayekuja kazini na miwani ya jua? Nikamfuata mpaka mlangoni.

"Mzee, safari hii wewe ni namba moja."

Akacheka, na Mzee kucheka ilikuwa adimu kama mvua ya Agosti. "Haya, binti. Namba moja."

Hapo ndipo nilipoharibu, na nilivyoharibu kwa heshima zote! Ruta ilikuwa na mkia wa moja tangu zamani. Nilipoihamisha nilibadilisha jina la mtaa tu, mkia nikauacha. Nilikuwa nahesabu watu, na kisanduku kilichotundikwa juu ya kabati sikukihesabu. Nikaenda kwenye kompyuta ya Mzee. Kiti chake sikukikalia, nikainama tu nimesimama. Kwenye mstari wa anwani nikaandika 192.168.20.1. Chini yake, kwenye mstari wa mlango wa kutokea, yaani anwani ya ruta, nikaandika 192.168.20.1. Nikazitazama namba mbili zimekaa juu na chini kama pacha, na badala ya kushtuka nikaona zimependeza.

Ruta wakati huo ilikuwa imezimwa, mafundi wanafunga antena, kwa hiyo hakuna kilicholalamika. Nikaizima kompyuta ya Mzee, nikaifunika kitambaa, nikanyoosha maua yakae sawa. Ruta ilipowashwa nikapima kwa Rehema, nikapima kwa Daudi, nikapima mpaka ghalani. Zote zinapita. Ya Mzee sikuipima. Kuifunua tena na kuinamia meza yake mara ya pili niliona ni kukosa adabu. Nikasema kazi imekwisha, nikaenda nyumbani naimba.

Sasa sikilizeni mambo yalivyokwenda. Kila jioni tulikuwa tunazima vyombo vyote kwa kuogopa radi. Asubuhi Mzee anafika wa kwanza, anawasha kompyuta yake. Rehema anakuja baadaye, anawasha ruta. Na intaneti haitoki, ghala halionekani. Mzee akitoka anaizima kompyuta, maana alikuwa mtu wa kubana umeme, na sisi tunashangaa mambo yamefunguka. Akirudi, yanafunga. Akisafiri kwenda Mtinko kuonana na wakamuaji, ofisi inakimbia kama maji.

Aliyeanza kuona alikuwa Daudi. "Jamani, mmeangalia? Mzee akiingia, barua hazitoki."

"Wewe nawe," Rehema akasema.

"Angalieni tu. Mkono wa Mzee mzito. Utotoni alishika majembe, sasa mashine zinamwogopa."

Siku iliyofuata tukaangalia, na kweli. Mzee akifungua mlango wa ofisi yake, Daudi anahesabu kwa vidole chini ya meza, halafu: "Imekufa!" Tunacheka. Nami nilicheka, wadogo zangu. Tena nilicheka nikijifunika mdomo, nikidhani ukuta wa mbao unazuia sauti.

Ukosefu wa elimu mtu anaweza kusamehewa. Lakini kile kicheko, mpaka leo nikikikumbuka nikiwa natifua mashudu ya kuku, natazama kama kuna mtu ameniona uso.

Kutengeneza nilitengeneza, mahali pasipo na tatizo. Nilibadilisha waya. Nilifuta vumbi kwenye ruta. Nilipanda juu ya bati kukagua antena, upepo ukacheza na sketi yangu mpaka mafundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara wakapiga makofi. Nikishuka nakuta inafanya kazi, kumbe Mzee katoka kwenda kula. Napokea pongezi. Nazipokea kabisa, "Asanteni, asanteni," kama niliyefanya kitu.

Maneno hayakai ofisini. Yakatoka mpaka kwenye benchi la nje wanakosubiri wakamuaji, na walipoambiwa barua yao kwa mnunuzi haijajibiwa kwa sababu haijatoka, hawakuuliza waya. Wakauliza Mzee. Wale wale waliokuwa wanamchungulia dirishani kwa fahari wakaanza kunong'ona kwamba labda umri umefika, kwamba vitu vya kisasa na mtu wa ushirika wa zamani haviivi chungu kimoja. Ikasikika wajumbe wa umoja watakuja wakae, waone kama Mzee apumzishwe.

Mzee alisikia. Nadhani alikuwa amesikia kila kitu tangu mwanzo. Asubuhi moja tukamkuta hayuko ndani. Alikuwa ameweka kigoda nje, chini ya upenu, kati ya madumu ya mafuta, koti lake amelivaa, anaandika barua kwa kalamu juu ya goti. Kompyuta yake ilikuwa imefunikwa. Na siku hiyo, kuanzia asubuhi, intaneti haikuyumba hata mara moja.

"Mnaona?" Daudi akasema. Safari hii hakucheka.

Kesho yake Mzee akakaa nje tena. Siku ya tatu ndiyo wajumbe walikuwa wanakuja mchana. Nikamchukulia chai, maana hakuna aliyemkumbuka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Zinatoka?"

"Zinatoka, Mzee."

"Basi vizuri. Nikae huku huku." Akapuliza chai. Upepo ukataka kuchukua karatasi zake, akazikanyaga kwa kiatu. "Ila nimeikumbuka ile mashine. Ilikuwa na adabu kuliko watu wengi."

"Adabu gani, Mzee?"

"Si inanisalimia? Rehema akishawasha vyombo vyake, haupiti muda, inanitolea kidirisha katikati ya kioo, kina maandishi ya Kizungu, chini kimeandikwa OK. Mimi naitikia marahaba, nabonyeza, kinaondoka."

"Kila siku, Mzee?"

"Kila siku. Tangu uliponipa ile namba moja. Nikajua ndiyo heshima ya namba yenyewe."

Sikumuaga hata. Nikaingia ndani moja kwa moja, nikakivua kile kitambaa, na nikakikalia kile kiti. Nikawasha kompyuta, nikamwomba Rehema azime ruta aiwashe tena. Kidirisha kikaja. Kizungu changu kilikuwa cha kuombea maji ya kunywa, lakini namba hazina Kizungu. Ilikuwepo pale katikati ya maneno, 192.168.20.1, inagombaniwa na wawili.

Yaani ofisi nzima ilikuwa inauliza, mlango wa kutokea ni nani? Na kompyuta ya Mzee, kwa utii wa kuagizwa na mimi, ilikuwa inajibu, ni mimi. Barua zote zikapelekwa kwake zikafia mezani pake, naye amekaa hapo hapo anaitikia marahaba.

Daudi akaja kusimama nyuma yangu. Akasoma, akapiga mluzi.

"Ni wewe, Neema."

"Ni mimi."

"Badilisha, funika. Waambie wajumbe ilikuwa kirusi. Kirusi hakina ndugu wa kuja kulalamika."

"Kirusi kwenye kompyuta ya nani?"

Alijua, na mimi nilijua. Kingekuwa kirusi cha kwenye kompyuta ya Mzee, na mkono wake ungebaki mzito mpaka kaburini. Lakini msidhani nilikuwa jasiri. Nilikwenda chooni nikakaa humo nikitafuta uongo mwingine ulio mzuri zaidi, na sikuupata.

Wajumbe walikaa kwenye chumba cha nje, madirisha wazi, wakamuaji wamejaa mlangoni. Mzee alikuwa mwisho wa meza, kofia mkononi. Walipoanza tu kuzungusha maneno, "sisi hatuna ubaya na Mzee wetu," nikanyanyuka. Sijui nilisema nini na nini. Najua nilieleza habari ya mitaa na namba za nyumba, nikasema nilimpa Mzee namba ya mlango wa ofisi, na kwamba mlango ulikuwa nayo tayari.

Mama mmoja mjumbe akaniangalia. "Kwa hiyo ulimgeuza meneja wetu mlango?"

"Ndiyo, mama."

"Halafu mkashangaa hamtoki."

Chumba kikaangua kicheko. Wakamuaji mlangoni wakacheka, Daudi akacheka, na mimi nikatamani sakafu inimeze na viatu vyangu. Mzee hakucheka. Akangoja watulie.

"Binti. Ulijua?"

"Sikujua, Mzee."

"Wenzako walipokuwa wanacheka kule ndani, na wewe ulicheka?"

Nikasikia mashine ya kukamua ya jirani. Daudi akatazama sakafu.

"Nilicheka, Mzee."

Akavaa kofia yake. "Haya. Nirudishie kumi na nne yangu."

Hakuna aliyezungumza tena habari ya kupumzishwa. Nilimrudishia kumi na nne siku ile ile, nikaipima mara kadhaa, nikainua na vitambaa vya wote. Tangu hapo, popote nilipogawa anwani, nilitenga kwanza za vitu kabla ya watu: ruta, printa, antena. Vitu havidai, ndiyo maana vinasahaulika. Na mkubwa nilimpa iliyobaki, nikamheshimu kwa njia nyingine.

Lakini aibu ilinishika vibaya. Nilianza kuingilia mlango wa nyuma. Nikimwona Mzee uani najifanya nafunga kiatu. Kama kuna kitu cha kumpelekea namtuma Rehema. Mnajua kwetu kumpita mkubwa bila kumwamkia ni nini, na mimi nilimpita, siku baada ya siku, kwa sababu shikamoo ilikuwa inafika kooni inarudi.

Mpaka asubuhi moja Rehema akanisukuma kwa mgongo. "Nenda kaangalie kompyuta ya Mzee kama inakwenda. Mimi siyo fundi."

Nikasimama kwenye mlango wa ofisi yake. Alikuwa amekaa, kitambaa amekikunja pembeni, kidole chake kimoja amekinyanyua juu ya kitufe. Nyuma yangu Rehema akawasha ruta. Mzee akatazama kioo. Kimya, hakuna kidirisha. Akangoja zaidi. Kisha akashusha kidole.

"Leo haisalimii."

"Haitasalimia tena, Mzee. Ile haikuwa salamu."

"Najua. Nilisikia mkutanoni." Akageuza kiti, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Na wewe tangu mkutano husalimii."

Nikakitazama kile kitambaa kilichokunjwa.

"Basi naona wa kuanza ni mimi," Mzee akasema. "Hujambo, binti?"

Nikasema sijambo, sauti ikatoka nusu. Shikamoo ikaja baadaye, kinyumenyume, nimeinamisha kichwa na uso unaniwaka. Mzee akaitikia marahaba, akageukia kioo, akaanza kumwandikia mnunuzi kwa kidole kimoja. Barua ikatoka.